Safari ya Kwenda Kutazama Duara

Tarehe 28 Septemba 2025, kilima cha mawe cha Kimihurura mjini Kigali kilijaa watu pande zote mbili za barabara. Ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyokuja Afrika kwa mara ya kwanza, na mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, sehemu kubwa ikiwa ni mizunguko ya kilomita 15 hivi ndani ya jiji. Aliyesimama kilimani alimwona mwendeshaji Tadej Pogačar akipita, akasubiri dakika ishirini na zaidi, akamwona tena. Kila mara alichokipata kilikuwa cha kufumba na kufumbua: mlio wa minyororo, migongo iliyoinama, rangi za jezi, kisha pikipiki na magari ya timu. Yaliyotokea katikati aliyasikia kwenye vipaza sauti au aliyaona kwenye simu ya jirani.

Ni rahisi kuelewa jinsi mtu anavyoweza kushuka kilima kile na hamu mpya. Ameonja, hajashiba. Anataka kuziona mbio zote kwa macho yake mwenyewe, tangu filimbi ya kwanza hadi mstari wa mwisho, bila kusimuliwa na mtu. Kwenye baiskeli, jambo hilo linapatikana mahali pamoja tu, ndani ya velodromu, uwanja, mara nyingi wa mbao, wenye kingo zilizoinuka kama za bakuli. Humo hakuna anayepita akapotea.

Ghent, Ubelgiji, kuna uwanja wa namna hiyo uitwao Kuipke. Kwa Kiflemi, neno hilo lina maana ya beseni dogo au kapipa, na jina linaendana na kitu chenyewe, kwani mzunguko mmoja una urefu wa mita 166 na ushee, ilhali viwanja vya Olimpiki vina mita 250. Mwendeshaji anayekwenda kilomita 60 kwa saa anaumaliza mzunguko huo kwa sekunde kumi. Mtazamaji akipiga chafya, mtu amekwishafika upande wa pili. Kila Novemba, kwa usiku sita mfululizo, watu hulijaza beseni hilo kutazama mbio za Siku Sita.

Anayepanga kwenda huko kutoka Kigali, Nairobi au Dar es Salaam ataulizwa na ndugu zake swali la haki kabisa. Inakuwaje mtu akusanye fedha, aombe viza, aruke zaidi ya kilomita elfu sita, akaone watu wanaozunguka bila kufika popote? Jibu la swali hilo linapatikana katika maandalizi yenyewe. Mbio za barabarani humwacha mtazamaji apumzishe macho, kwa kuwa muda mwingi hakuna cha kutazama. Mbio za uwanjani humwonyesha kila kitu, kwa hiyo humtaka awe amejifunza kuona. Fedha zinaweza kutimia na pasipoti ikagongwa muhuri, lakini msafiri asiyejua anachokwenda kukitazama ataketi usiku kucha mbele ya mbio asizozielewa.

Kabla ya yote, achague aende wapi.

Mashindano ya dunia ya uwanjani huhama kila mwaka. Mwaka 2024 yalikuwa Ballerup, Denmark, na mwaka 2025 Santiago, Chile. Anayeyafuata huona waendeshaji bora wakiwania medali, lakini mji huenda ukawa haujui sana kilichoingia ndani yake. Mgeni atakuwa ametazama mashindano, bila kukutana na watu waliokua nayo.

Japani ni habari nyingine. Huko mbio za uwanjani, ziitwazo keirini, ni kazi ya kulipwa, yenye shule, leseni na madaraja. Keirini ilianzishwa mjini Kokura mwaka 1948, miaka mitatu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ili mapato ya kamari yasaidie miji iliyokuwa imeharibiwa. Leo kuna viwanja zaidi ya arobaini. Waendeshaji, hadi tisa kwa mbio moja, huvaa rangi ambazo kila mzee wa Kijapani anazijua kwa namba: wa kwanza mweupe, wa pili mweusi, wa tatu mwekundu, hadi wa tisa wa zambarau. Chuo cha kuwafunza kiko Izu, na nidhamu yake inajulikana kwa ukali. Wakati wa mashindano waendeshaji hulazwa bwenini, simu zikiwa zimekusanywa, ili asiwepo wa kupanga matokeo na watu wa nje. Koichi Nakano aliyetoka katika ulimwengu huo alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kasi za walipwaji mara 10 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1986. Rekodi hiyo inatosha kumpandisha mtu ndege. Lakini uwanja wa keirini una wazee wenye magazeti na kalamu nyekundu wanaopiga hesabu za dau, na mgeni asiyesoma Kijapani hubaki nje ya mazungumzo hayo. Atatazama baiskeli, wenzake wakitazama namba.

Ghent inampa mgeni kitu tofauti. Mchezo wenyewe umezeeka pale pale, na watu wake wanajua kwamba unaweza kufa. Zamani msimu wa baridi wa Ulaya ulikuwa na msururu wa Siku Sita, mji baada ya mji, na waendeshaji walihama na mizigo yao kama kundi la sarakasi. Dortmund, Munich na Zurich zilinyamaza moja baada ya nyingine. Zilizobaki zinahesabika kwa vidole. Ghent ilianza mwaka 1922, jengo likaungua mwaka 1962, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 1965, na mbio zingali zinaendelea. Mtu anayesema atakwenda mwaka fulani huko mbele anaahirisha jambo ambalo huenda lisimsubiri.

Kwa nini siku sita? Kwa sababu ya saba ilikuwa ya ibada. Mwaka 1878, London, David Stanton aliweka dau kwamba angeendesha maili 1,000 kwa siku sita, na Jumapili haikuwa siku ya michezo katika nchi ya Kiingereza ya wakati ule. Mtindo ukavuka bahari hadi New York, kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, ambako tangu 1891 watu walilipa kutazama wanaume wakizunguka peke yao mchana na usiku, wakilala saa chache tu, mpaka akili zinawaruka.

Mmojawapo alikuwa kijana mweusi wa Indianapolis aliyekuwa ametimiza miaka 18 wiki hizo hizo. Marshall Taylor, ambaye dunia ilimwita Major Taylor, alianza maisha yake ya kulipwa kwenye mbio hizo za Desemba 1896. Alimaliza wa nane, baada ya maili 1,732, yaani karibu kilomita 2,790. Karibu na mwisho aliwaambia waliokuwa wakimhudumia kwamba hawezi kuendelea, kuna mtu anamfukuza uwanjani na kisu mkononi. Mtu huyo hakuwepo. Alikuwa ni uchovu, umevaa sura ya mtu. Na kijana mweusi wa Marekani ya miaka ile hakuhitaji kubuni sababu ya kuogopa kufukuzwa.

Taylor hakurudi kwenye mbio za siku sita za namna ile. Aligeukia mbio fupi, na mwaka 1899, mjini Montreal, akawa bingwa wa dunia wa maili moja. Nyumbani kwao wazungu walimbana uwanjani kwa makusudi, wakamwangusha, na baadhi ya waandaaji wakamkatalia kushiriki. Mwaka 1901 alikwenda Ulaya. Paris ilimjazia uwanja wa Parc des Princes, akapambana na Mfaransa Edmond Jacquelin, akashindwa mara ya kwanza, akarudi siku chache baadaye akamshinda. Katika mikataba yake kulikuwa na jambo moja lisilojadiliwa: hakimbii Jumapili. Alikufa maskini Chicago mwaka 1932.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayepanga safari ya Ghent ana haki ya kumchukua Taylor kama mtangulizi wake. Historia ya mbio hizi husimuliwa mara nyingi kama mali ya Wabelgiji, Waholanzi na Wajerumani, na wao kweli wameitunza. Lakini mzizi wake una mtoto wa familia iliyotoka utumwani, aliyejua maana ya kuzunguka uwanjani huku umati ukiwa umegawanyika kuhusu kama anastahili kuwemo.

Mateso ya waendeshaji wa New York ndiyo yaliyouzaa mchezo anaokwenda kuutazama msafiri wa leo. Mwishoni mwa miaka ya 1890 sheria ya jimbo ilikataza mtu mmoja kuendesha zaidi ya saa 12 kwa siku. Waandaaji, wasiotaka ukumbi ulale, wakaunda timu za watu wawili, mmoja akiendesha mwenzake akipumzika. Mbio hizo za wawili wawili zikabeba jina la ukumbi, madisoni. Wafaransa huziita mbio za Kimarekani mpaka leo.

Hapa ndipo panapotaka kusoma zaidi kuliko mahali pengine popote.

Baiskeli ya uwanjani haina breki wala gia. Habu ya nyuma haina friwili: gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka, na miguu pamoja nazo. Mtu hawezi kuacha kukanyaga akateleza kama afanyavyo kijana anayeshuka mlima na gunia la mkaa. Akitaka kupunguza mwendo hukaza miguu, au hupanda juu kwenye ukingo ulioinuka, kasi ikapungua kwa ule mwinuko. Sasa weka jozi kumi na mbili za watu wa namna hiyo ndani ya mita 166. Katika kila jozi mmoja yumo mbioni, chini, karibu na mstari mweusi. Mwenzake anazunguka taratibu huko juu, akipumua, akichungulia begani. Zamu ikifika, wa juu huteremka na kuongeza kasi, wa chini humfikia kwa nyuma, wanashikana mikono, na aliyechoka humrusha mwenzake mbele kwa nguvu yote iliyobaki mwilini, kama jiwe linavyotoka kwenye kombeo. Kisha yeye hupanda juu kupumzika. Baada ya mizunguko michache watarudia, nusu saa, saa nzima, na jozi zote zinafanya hivyo kwa wakati mmoja, zikipishana kwa upana wa kiwiko.

Kwa macho yasiyozoea, hayo ni mchanganyiko wa watu wanaokimbia na watu wanaotembea. Hajulikani anayeongoza, wala anayefukuzwa. Ndiyo maana msafiri anapaswa kuanza kujifunza miezi kabla, kwa video, nyumbani. Njia iliyo bora ni kuchagua jozi moja na kukataa kutazama nyingine yoyote. Wawili wa jozi huvaa namba moja, mmoja ikiwa nyeusi na mwingine nyekundu. Fuata hiyo nyeusi na nyekundu dakika kumi. Utaanza kujua mkono utatoka lini kabla haujatoka. Baada ya hapo ongeza jozi ya pili, hasa ile inayokaribia kuizidi ya kwanza kwa mzunguko mzima.

Mzunguko ndio fedha ya mchezo huu. Kwenye Siku Sita jozi hupangwa kwanza kwa mizunguko, halafu kwa pointi. Timu inayotoroka kundi ikazunguka beseni lote hadi kulishika kundi kwa nyuma imepata mzunguko mmoja, na iliyo nyuma kwa mzunguko haiwezi kuishinda hata ikiwa na pointi nyingi mara mbili. Lakini kila timu inapofikisha pointi 100 hupewa mzunguko wa zawadi. Basi kuna timu zinazokimbilia mizunguko kwa miguu mizito ya masafa, na nyingine zinazookota pointi kwa kasi ya ghafla, na usiku wa sita hesabu hizo mbili hukutana. Olimpiki huhesabu kwa namna nyingine, mzunguko ukigeuzwa kuwa pointi 20. Aliyejifunza kwa video za Olimpiki pekee atapotea Ghent, na ni vyema ajue hilo mapema.

Programu ya usiku mmoja ina mengine pia. Kuna mbio za mchujo, ambapo wa mwisho kwenye mstari hutolewa kila baada ya mizunguko kadhaa hadi wabaki wawili. Kuna mbio za nyuma ya derni, kipikipiki chenye pedeli kinachoendeshwa na mtu mnene aliyekaa wima kabisa. Unene wake ni sehemu ya kazi, kwa kuwa anamkatia upepo mwendeshaji aliye nyuma. Mlio wa derni na moshi wake ndani ya jengo lililofungwa ni kitu ambacho video haikileti.

Wanawake pia wana madisoni yao, ingawa imewachukua muda mrefu kuruhusiwa. Mashindano ya dunia yaliwapa mbio hizo kwa mara ya kwanza mwaka 2017, Hong Kong, na walioshinda walikuwa Wabelgiji, Lotte Kopecky na Jolien D'hoore. Aliyetazama Kopecky akishinda barabarani na hajui kwamba macho yake ya kuona upenyo yalinolewa kwenye mbao, amemjua nusu.

Baada ya elimu, makaratasi. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla yake. Kwa mbio za katikati ya Novemba, mlango hufunguliwa katikati ya Mei, na mwenye busara huanza huko. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi viza ikikataliwa. Bima ya safari lazima ifikie yuro 30,000. Kuna taarifa za benki, barua ya mwajiri au hati za biashara, mahali pa kulala, tiketi ya kwenda na kurudi. Anayefanya kazi Muscat au Doha huomba huko anakoishi kihalali, halazimiki kurudi kwao kwanza.

Kwenye fomu kuna mahali pa kueleza sababu ya safari, na visanduku vya kuchagua: utalii, biashara, kutembelea ndugu, utamaduni, michezo. Mtu anayekwenda kutazama Siku Sita anaweza kukaa na kalamu juu ya karatasi hiyo kwa muda. Jibu la kawaida kwa mtazamaji ni utalii, na tiketi za uwanjani zikiambatishwa huliongezea ombi lake uzito, kwa kuwa zina tarehe, mahali na kiti. Hata hivyo inaumiza kidogo kwamba mapenzi ya miaka yanaingia kwenye kisanduku kimoja na picha za makanisa. Mwombaji kutoka kwetu huombwa kuthibitisha mara kadhaa kwamba atarudi nyumbani. Aambatishe kila karatasi, aandike barua ya ukurasa mmoja inayosema wazi anakwenda kutazama nini na kwa nini. Anayeijua programu ya usiku wa Ijumaa na anayeweza kueleza madisoni ana maneno yenye ukweli ndani yake.

Kufika si kazi. Kuna ndege za moja kwa moja hadi Brussels kutoka Kigali na Entebbe, na kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem treni huenda Ghent bila kubadilisha, safari ya kama saa moja. Mtu hushukia kituo cha Gent-Sint-Pieters, na Kuipke iko ndani ya bustani ya Citadelpark, mwendo mfupi wa miguu. Saa ziko nyuma ya za Nairobi na Dar es Salaam kwa mbili, na nyuma ya za Kigali kwa moja. Jua la katikati ya Novemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Koti liwe zito, na chini yake shati jepesi, kwa maana ndani ya jengo, watu wakishajaa, kuna joto.

Mwendo huo mfupi wa miguu usipitwe haraka. Kituo cha treni kilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1913, na kwenye maonyesho hayo watu wa Senegal na wa Ufilipino waliwekwa katika vijiji vya kutengeneza, watazamwe na waliolipa kiingilio. Mfilipino mmoja, Timicheg, alifia Ghent mwaka huo. Njia ya chini kwa chini karibu na kituo sasa ina jina lake. Ndani ya Citadelpark kuna mnara wa mwaka 1888 wa ndugu wawili, Joseph na Lieven Van de Velde, waliomtumikia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kule Kongo, na juu yake kuna sanamu ya mtoto wa Kikongo, Sakala, aliyeletwa mjini humo.

Mwaka huo huo wa 1888, John Boyd Dunlop alikuwa Belfast akisajili tairi lake la upepo. Tairi ndilo lililoifanya baiskeli iwe kipenzi cha dunia katika miaka ya 1890, miaka ile ile ya Madison Square Garden na Major Taylor. Sehemu ya mpira wa kutengenezea matairi ilitoka, kwa njia ya kutisha, kwenye misitu ya Kongo ya Leopold, ambako vijiji vilipangiwa viwango vya utomvu, wanawake wakashikwa mateka, na watu wakakatwa mikono. Kiswahili kinatumia neno moja, mpira, kwa ule utomvu, kwa kitu cha kuchezea na kwa mchezo wenyewe. Mtu anayefikiri kwa lugha hiyo akipita kando ya mnara ule kwenda kutazama matairi membamba yakilia juu ya mbao hana haja ya kuelekezwa na mwongoza watalii. Aende tu, aingie, apende anachokipenda, akijua kimetoka wapi.

Ndani, majina ya wenyeji yako kila mahali. Patrick Sercu alishinda Siku Sita 88 katika maisha yake, hakuna aliyemfikia, na 11 kati ya hizo zilikuwa hapa. Baadaye aliziongoza kama mwandaaji. Iljo Keisse, mzaliwa wa Ghent, alishinda mara saba, na babake alikuwa na baa mjini. Bradley Wiggins alizaliwa Ghent mwaka 1980 kwa sababu babake, Gary, Mwaustralia, alikuwa akifanya kazi kwenye msururu huu wa Siku Sita. Baba aliiacha familia mtoto akiwa mdogo. Mtoto akakua London, akashinda Tour de France, akavuna medali za Olimpiki, na Novemba 2016 akarudi kwenye beseni lile na Mark Cavendish kukimbia mara ya mwisho. Walishinda. Katika jengo dogo namna hiyo waliokuwepo waliweza kuuona uso wake.

Na usiku mmoja wa Novemba 2006, Mhispania Isaac Gálvez, bingwa wa dunia wa madisoni mwaka huo huo pamoja na Joan Llaneras, aligongana na mwendeshaji mwingine akapiga uzio. Alikufa akiwa na umri wa miaka 31. Mbio zilisimamishwa. Msafiri anapaswa kuwa na jina hilo kichwani wakati muziki unapigwa na watu wanainua bilauri, kwa kuwa wale wanaoshikana mikono kwa kasi ile hawana breki, na wanalijua jina hilo kuliko yeye.

Linabaki suala la mahali pa kukaa. Kuipke inauza viti vya kuzunguka uwanja, na inauza pia nafasi ya kusimama katikati, ndani ya duara, ambako waendeshaji wanamzunguka mtazamaji. Huko katikati ndiko kwenye bia, nyimbo, marafiki wanaokutana mara moja kwa mwaka, na vibanda ambamo waendeshaji hukandwa miguu, hunywa kitu cha moto na kufuta uso kwa taulo, hatua chache kutoka kwa watu. Anayesimama hapo hugeuka na mbio kwa dakika chache za kwanza, kisha shingo humlazimisha achague upande. Huona mikono kwa karibu: vidole vikitafutana, mkono ukikamata, bega likivutwa. Viti vya juu havina hayo, lakini kutoka huko duara lote liko chini ya macho, na ndipo inapoonekana timu iliyotoroka ikiusogelea mkia wa kundi, nusu ya uwanja, robo, mita ishirini.

Kwa anayeweza kumudu usiku mbili, Ijumaa asimame katikati, mpaka baada ya saa sita za usiku, aone mikono. Jumamosi apumzike, alale hadi mchana, atembee kando ya mto Leie. Jumapili mbio humalizika mapema, na madisoni ya mwisho ndiyo huamua yote. Siku hiyo achukue kiti cha juu, karibu na kona ambako wanaopumzika hupita chini ya uzio, awe na daftari lenye mizunguko na pointi za kila jozi kama zilivyokuwa usiku wa tano. Chini, jozi zitaanza kujipanga. Mwenye namba nyeusi atamtazama mwenye namba nyekundu, na huyo ataanza kupanda juu taratibu, akiacha nafasi.